Beaufort: Nyumba Zimetunzwa, Ardhi Bado Inagombewa

Robert Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839, katika kibanda cha uani kwa bwana aliyemmiliki, Henry McKee, mjini Beaufort, jimbo la South Carolina. Robo karne baadaye nyumba kubwa ya Prince Street iliyowahi kuwa ya McKee ilikuwa yake, kwa hati.

Kisa cha alivyojikomboa kinajulikana sana Marekani, kwa hiyo nitakipitia mbio. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, Smalls alikuwa mshika usukani wa Planter, meli ya jeshi la majimbo ya Kusini yaliyoasi, iliyotia nanga Charleston. Nahodha na maofisa wake wazungu walishuka kwenda kulala mjini. Smalls na mabaharia wenzake watumwa wakang'oa nanga, wakawapitia wake zao na watoto. Alivaa kofia ya nahodha, akapiga honi za ishara zilizotakiwa mbele ya ngome ya Fort Sumter, akaifikisha meli mikononi mwa wanamaji wa Kaskazini. Congress, bunge la Marekani, ikamlipa zawadi ya fedha kwa ujasiri huo.

Kinachonivutia mimi zaidi ni kile kilichofuata, yaani mnada. Novemba 1861 wanamaji wa Kaskazini walikuwa wameteka ghuba ya Port Royal, na matajiri wa pamba wa Beaufort na visiwa vya jirani wakakimbilia bara wakiacha nyumba, mashamba na watumwa wapatao 10,000. Mwaka uliofuata Congress ikatunga sheria ya kutoza kodi ya ardhi hata kwenye maeneo yaliyoasi. Mwenye ardhi aliyeko upande wa pili wa vita hawezi kuja kulipa kodi, na asiyelipa mali yake inapigwa mnada. Ndivyo kuanzia 1863 nyumba za fahari za Beaufort na mashamba ya kisiwa cha St. Helena yalivyoanza kunadiwa. Walanguzi kutoka Kaskazini walinunua, wanajeshi walinunua, na watu weusi waliokuwa wametoka utumwani juzi tu nao wakachanga mishahara yao wakanunua.

Vita vilipokwisha, wenye mali wa zamani walirudi na mawakili. Familia ya De Treville, iliyokuwa imeuziwa nyumba ya Prince Street na McKee kabla ya vita, ilimshitaki Smalls ikidai mnada alioinunulia nyumba hiyo ulikuwa batili. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls akashinda. Wakati huo alikuwa mbunge katika Congress. Aliishi katika nyumba hiyo hadi kifo chake mwaka 1915.

Hukumu ile iliwagusa wengi kuliko Smalls peke yake. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alikuwa ametoa amri ya kuwagawia watu weusi viwanja vya ekari 40 kwenye ukanda huu wa pwani, na kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson akaanza kuwarudishia wazungu ardhi hiyo. Waliopewa ardhi kwa amri ya jenerali walinyang'anywa kwa amri ya rais. Walionunua kwenye mnada wa kodi, wakiwa na karatasi mkononi, wengi wao walibaki. Ndiyo sababu kisiwa cha St. Helena kina familia za watu weusi zinazolima na kuishi pale pale walipokuwa mababu zao miaka ya 1860, jambo ambalo ni adimu mno Kusini mwa Marekani.

Nimeanza na hati kwa makusudi. Vitabu na ziara za kitalii kuhusu majengo ya Kaunti ya Beaufort huanza na veranda, ngazi pacha na miti ya mwaloni inayoning'inia mimea ya kijivu kama manyoya. Ni mambo mazuri, nami nitayafikia. Lakini maoni yangu ni kwamba kaunti hii imejifunza vizuri kuhifadhi nyumba, ila bado inababaika kuhifadhi ardhi iliyozipa nyumba hizo maana. Tena hatua kubwa zaidi ya uhifadhi iliyowahi kuchukuliwa na serikali ya kaunti haikutaja nyumba hata moja.

Tuziangalie basi nyumba zenyewe. Mji wa Beaufort ulianzishwa mwaka 1711, ukatajirika kwa mpunga na nili, kisha kwa pamba ya nyuzi ndefu iliyoota vizuri kwenye visiwa hivi na kuuzwa kwa bei ya juu Uingereza. Matajiri waliishi mashambani majira ya baridi, joto na mbu wa malaria vilipozidi wakahamia mjini. Kwa hiyo nyumba za mjini zilijengwa kuupokea upepo. Zimeinuliwa juu ya nguzo au matao, mgongo wa nyumba nyingi una umbo la herufi T ili kila chumba kipate madirisha pande zaidi ya moja, na veranda za ghorofa mbili zimeelekezwa kusini. Charleston, mji mkubwa wa jirani, nyumba zimebanana na kuipa barabara ubavu. Beaufort nyumba imesimama peke yake katikati ya kiwanja na kuangalia maji.

Chini ya nyumba hizo kuna kitu ambacho kwangu kina uzito kuliko nguzo za mbele. Ni zege la makombe ya chaza, ambalo wenyeji huliita tabi. Makombe huchomwa kwa kuni hadi yawe chokaa. Chokaa inachanganywa na mchanga, jivu na maji, yanatiwa makombe mengine mazima, kisha mchanganyiko unamiminwa ndani ya boksi la mbao na kushindiliwa. Ukikauka, boksi linapandishwa juu na tabaka jingine linamiminwa. Mtu wa Lamu au Pemba aliyezoea chokaa ya matumbawe hahitaji maelezo zaidi. Mawe ya kujengea hakuna kwenye visiwa hivi, hivyo msingi wa utajiri wote ule, kwa maana halisi ya neno, ulitoka baharini.

Mengi ya makombe hayo yalichotwa kwenye malundo yaliyoachwa na wenyeji wa asili waliokula chaza hapa karne nyingi kabla ya Mzungu. Duara moja la makombe kwenye kisiwa cha Hilton Head lina umri wa miaka 4,000 hivi. Kazi ya kuchoma, kubeba, kukoroga na kushindilia ilifanywa na watumwa. Ukiusogelea ukuta wa tabi uliochubuka lipu, utaona mistari ya mlalo inayopanda kwa vipimo sawa. Kila mstari ni mahali boksi lilipokomea. Majina ya walioshindilia hayakuandikwa, ila mwendo wa kazi yao unasomeka hadi leo.

Kanisa dogo la tabi lililojengwa St. Helena karibu mwaka 1740 kwa ajili ya wenye mashamba liliungua kwa moto wa msituni mwaka 1886, na kuta zake bado zimesimama bila paa. Huko Haig Point, kwenye kisiwa cha Daufuskie, kuna magofu ya nyumba za watumwa za tabi, miongoni mwa yale yaliyobaki vizuri zaidi katika ukanda mzima. Leo magofu hayo yamo ndani ya klabu ya faragha yenye uwanja wa gofu. Nitarudi kwenye gofu.

Swali la kwa nini mji wa Beaufort umebaki na nyumba zake lina majibu mawili yasiyopendeza sana. La kwanza ni kwamba ulitekwa mapema. Miji mingine ya Kusini ilichomwa. Beaufort ilikuwa tayari kambi ya Kaskazini, na nyumba zake zikageuzwa hospitali na ofisi. La pili ni umaskini. Baada ya vita, na hasa baada ya kimbunga cha Agosti 1893 kilichoua watu wapatao 2,000 visiwani humo, hakukuwa na pesa ya kubomoa na kujenga upya. Moto wa 1907 uliteketeza sehemu ya mji, zilizonusurika zikabaki kama zilivyo kwa sababu wenyewe hawakuwa na uwezo wa kuzibadilisha. Kuhifadhi kwa hiari kulikuja baadaye. Nyumba ya mfanyabiashara John Mark Verdier kwenye Bay Street, iliyojengwa takriban mwaka 1804, ilikuwa imechakaa kiasi cha kutakiwa kubomolewa miaka ya 1940, ndipo wananchi wakachangishana kuiokoa. Miaka ya 1960 ukaundwa mfuko wa kudumu wa kulinda majengo ya mji, na mwaka 1973 eneo lote la kale likatangazwa na serikali kuu kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Hapa inabidi kueleza jambo moja la kisheria, maana hata Wamarekani wenyewe hulichanganya. Sheria ya uhifadhi ya mwaka 1966 iliunda daftari la taifa la maeneo ya kihistoria. Wengi wanadhani nyumba ikiingia katika daftari hilo haiguswi tena. Si kweli. Mwenye nyumba binafsi anayetumia pesa yake mwenyewe anaweza kuibomoa kesho asubuhi, serikali kuu haina la kumfanya. Daftari linaibana serikali kuu yenyewe, pale inapotoa fedha au kibali, na kumfungulia mmiliki milango ya nafuu za kodi kwa baadhi ya majengo. Nguvu ya kumzuia mtu asibomoe iko kwa halmashauri ya mji au baraza la kaunti, kwenye kanuni za matumizi ya ardhi. Kwa maneno mengine, heshima inatoka Washington, lakini rungu liko mtaani.

Daftari hilo lina ugumu mwingine. Ili jengo lipokelewe, lazima lionyeshe kwamba limebaki na uhalisi wake, na miongoni mwa vigezo vinavyopimwa ni umbo, vifaa, ufundi na mazingira yake. Kigezo cha haki kabisa kwa nyumba ya tajiri, ambaye alijenga mara moja kwa mbao bora na wajukuu wake wakaitunza. Nyumba ya mkulima wa St. Helena haikai hivyo. Anaanza na vyumba viwili, anaongeza jiko mtoto anapooa, anang'oa madirisha ya mbao na kuweka ya alumini baada ya kimbunga, binti akirudi kutoka New York na mafao yake analeta nyumba ya magurudumu na kuiegesha kando ya ile ya mama. Kwa mkaguzi wa majengo hapo uhalisi umepotea. Kwa mtu anayejua familia za visiwani, kuongeza ndiko kwenyewe uhalisi: kiwanja kimoja cha ukoo, nyumba zimezungukana, watoto wanapita mlango wowote.

Kuna majengo ya watu weusi yaliyotambuliwa, sikatai. Shule ya Penn, iliyoanzishwa mwaka 1862 na Laura Towne na Ellen Murray kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka utumwani, imetunzwa St. Helena pamoja na kanisa la matofali la mwaka 1855 lililojengwa na watumwa, ambao wakati wa ibada walikaa juu roshani huku mabwana zao wakikaa chini. Martin Luther King na wenzake walikuwa wakikutana Penn miaka ya 1960 kupanga mikakati, kwa kuwa sehemu ambazo weusi na weupe wangeweza kulala pamoja South Carolina zilihesabika. Zipo pia nyumba za maombi, tatu zilizobaki kisiwani, vibanda vya mbao visivyozidi sebule ya kawaida, ambamo watu waliimba na kuzunguka duara wakipiga miguu chini hadi usiku wa manane. Na Januari 2017 Rais Obama alitangaza sehemu kadhaa za kaunti hii kuwa kumbukumbu ya taifa ya kipindi cha baada ya vita. Mwaka 2019 zikapandishwa kuwa hifadhi ya kihistoria ya taifa. Jaribio la awali, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilikuwa limekwama, na jumuiya za wazao wa askari wa Kusini zilikuwa miongoni mwa waliolipinga. Miaka 150 hivi ilipita kabla ya taifa kukiri kwa kibao rasmi kwamba hapa watumwa waligeuka wapiga kura, wanafunzi na wabunge.

Sasa gofu. Hilton Head iko kaunti hiyo hiyo, upande wa kusini. Mwaka 1862 Jenerali Ormsby Mitchel aliwatengea watu waliokombolewa eneo huko, nao wakajenga Mitchelville, mji uliochagua viongozi wake wenyewe na kuamuru kila mtoto kati ya miaka 6 na 15 aende shule. Wakati huo jimbo la South Carolina halikuwa na sheria ya namna hiyo. Nyumba za Mitchelville zilikuwa za mbao nyepesi na hakuna hata moja iliyosimama leo. Kisiwa kilibaki cha watu weusi wavuvi na wakulima hadi daraja lilipofika mwaka 1956. Pamoja na daraja zikaja mitaa ya geti, hoteli za kitalii na viwanja vya gofu, na wawekezaji wakaona haya gani? Hawakuona haya yoyote: mitaa mingi mipya waliipa majina ya mashamba ya watumwa, kana kwamba neno hilo lina harufu ya maua tu. Thamani ya ardhi ikapanda, kodi ya ardhi ikaifuata, na familia moja baada ya nyingine ikauza ardhi yake au ikanadiwa ardhi hiyo. Baadhi ya makaburi ya wazee yamebaki ndani ya mageti, na wajukuu hupita kwa mlinzi kwenda kuwazuru.

St. Helena waliyaona hayo kwa macho yao, maana ni mwendo mfupi tu kwa gari. Mwaka 1999 Baraza la Kaunti likapitisha kanuni ya ulinzi wa utamaduni kwa kisiwa hicho, inayokataza mambo matatu: mitaa ya geti, hoteli kubwa za kitalii na viwanja vya gofu. Basi. Hakuna neno kuhusu veranda, tabi, wala rangi ya buluu ambayo wazee wa visiwani hupaka kwenye milango na madirisha kuzuia mizuka (na ambayo siku hizi wazungu wa mjini hununua kwa jina la kimitindo). Ndiyo kanuni niliyoisema mwanzoni. Waliitunga kwa kujiuliza ni kitu gani kilichowaondoa watu wa Hilton Head, wakakipiga marufuku hicho.

Mwaka 2023 mwekezaji aliyetaka kujenga gofu kwenye kisiwa cha Pine Island, pembeni mwa St. Helena, aliomba eneo lake, karibu ekari 500, liondolewe kwenye kanuni. Watu walijaa kwenye vikao wakiwa na fulana na mabango, na baraza likakataa ombi hilo.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo haistahili kubezwa. Mwenye ekari kumi St. Helena anaweza kuuliza: kwa nini mzungu wa Hilton Head aliuza kwa mamilioni, halafu mimi, eti kwa jina la utamaduni wangu, nipangiwe nani wa kumuuzia? Uhifadhi unaomwacha mtu na historia nyingi na mfuko mtupu ni uhifadhi wa kuwafurahisha wageni. Jibu langu ni kwamba kanuni haimzuii mtu kuuza, kujenga nyumba, kufungua duka wala kugawia watoto. Inazuia aina ya mnunuzi ambaye akishaingia, jirani hawezi tena kumudu kodi. Lakini nakiri jibu hilo halitoshi bila pesa na huduma za kisheria kwa wanaobaki.

Na huduma hizo zinahitajika hasa kwenye mirathi. Wale walionunua ardhi miaka ya 1860 wengi walikufa bila wosia, watoto wao vilevile. Kwa sheria ya Marekani ardhi hiyo inakuwa mali ya warithi wote kwa pamoja, bila kipande cha mtu. Baada ya vizazi vitano inaweza kuwa na wamiliki makumi, wengine hawajawahi kufika kisiwani. Kwa miaka mingi ilitosha mwekezaji kununua hisa ya binamu mmoja aliyeko mbali, kisha kwenda mahakamani kuomba ardhi yote iuzwe ili agawiwe fungu lake. Mahakama iliuza, mara nyingi kwa mnada wa bei ya kutupa. Mwaka 2016 South Carolina ilipitisha sheria ya kupunguza ujanja huo, na kuipa jina la Clementa Pinckney, mchungaji na seneta wa jimbo aliyekuwa akiwakilisha sehemu za ukanda huu, aliyeuawa kanisani Charleston mwaka 2015. Sasa ardhi inafanyiwa tathmini huru na ndugu wanapewa nafasi ya kwanza ya kuinunua hisa ya anayetaka kuuza.

Sheria inamsaidia mwenye fedha za kununua hiyo hisa. Asiyekuwa nazo anabaki kuitegemea bahati na uvumilivu wa ndugu. Ndiyo maana, kama ningeulizwa wapi dola inayofuata ya uhifadhi katika Kaunti ya Beaufort iende, ningeitoa kwa mawakili wa mirathi na mfuko wa kuwakopesha warithi, kabla ya kupaka rangi nguzo nyingine ya Bay Street. Nyumba ya Smalls inajulikana nchi nzima na haitakosa wafadhili. Kanuni ya 1999, kwa upande mwingine, ni sheria ndogo ya baraza lenye wajumbe 11, na wingi wa kura katika vikao vya baraza hilo hilo unaweza kuibadilisha. Kila uchaguzi wa kaunti ni kura juu yake, iwe wagombea wameitaja au hawakuitaja.